Nyumba Iliyovuka Majira ya Baridi



Kila ndoa ina majira yake. Miaka ya kwanza ni ya furaha, wawili mnatosheka kwa kuwa pamoja. Kisha watoto wanafika, mmoja baada ya mwingine, na majira yanabadilika. Usingizi unakatika. Mmoja anakohoa usiku kucha, mwingine anaota meno. Pesa zinakwisha kabla ya mwezi kwisha. Baba anarudi jioni akiwa amechoka, na kumkuta mama amechoka kumliko. Hapo ndipo wengi wenu mnapoanza kujiuliza moyoni kama hamkukosea siku ile mbele ya altare.

Leo nawaomba mkae pamoja, mume na mke, msome habari za mama mmoja aliyepitia majira hayo kwa ukali wake wote. Jina lake ni Zélie Martin. Wengi wetu tunamjua binti yake wa mwisho, yule tunayemwita Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu. Lakini kabla Tereza hajawa mtakatifu alikuwa mtoto mchanga aliyekaribia kufa katikati ya baridi, na mama yake alikuwa mke wa mtu, mwenye kazi, mwenye watoto na mwenye wasiwasi kama ninyi. Aliandika barua nyingi kwa ndugu zake na kwa binti zake, na zaidi ya 200 zimehifadhiwa. Kwa hiyo tunayajua maisha ya nyumba yake vizuri kuliko ya watakatifu wengi.

Wawili waliokataliwa utawa

Zélie Guérin alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831 huko Normandie, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa askari. Alipokua alitamani kuwa sista wa kuhudumia wagonjwa, lakini mkuu wa masista hakumkubali. Basi akajifunza kazi ya mikono iliyoupa mji wa Alençon sifa, yaani kushona lesi kwa sindano. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa. Kila mwanamke hushona kipande kidogo, kisha vipande huunganishwa kwa ustadi hata mshono usionekane. Alipokuwa na umri wa karibu miaka 22 alikuwa tayari amefungua biashara yake mwenyewe.

Katika mji huo aliishi fundi wa saa, Louis Martin, aliyezaliwa mwaka 1823. Yeye naye alitaka kuwa mtawa katika milima mirefu ya Alps, akarudishwa kwa sababu hakujua Kilatini. Walikutana mwaka 1858, na usiku wa kuamkia tarehe 13 Julai mwaka huo huo wakafunga ndoa. Zélie alikuwa na miaka 26, Louis 34.

Mwanzoni, kwa kutamani sana utakatifu, waliishi kama kaka na dada kwa muda wa miezi kumi hivi, mpaka padre mmoja alipowashauri wabadili mawazo yao. Wakamsikiliza. Kati ya mwaka 1860 na 1873 Mungu aliwajalia watoto tisa. Angalieni basi: watu hawa wawili walidhani njia ya kwenda kwa Mungu iko nje ya ndoa, wakaja kuikuta ndani ya nyumba yenye nepi, vikombe vilivyovunjika na kelele za watoto.

Baridi ya kule

Kule Normandie baridi huanza Novemba na kuendelea hadi Machi. Jua huchelewa kutoka mpaka karibu saa mbili asubuhi, na jioni huzama mapema. Barabara huganda, mara nyingine theluji huanguka. Siku zile hapakuwa na umeme wala dawa za kuua vijidudu kama tulizo nazo sasa. Watu walipasha moto chumba kimoja au viwili kwa kuni na makaa, na vyumba vingine vilibaki baridi kama kisima. Kikohozi cha mtoto mchanga katika majira hayo kilikuwa jambo la kutisha.

Tena Zélie hakuweza kuwanyonyesha watoto wake wote. Maziwa ya ng'ombe katika chupa zisizochemshwa vizuri yaliua watoto wengi wakati ule. Kwa hiyo familia nyingi za mjini ziliwapeleka watoto wachanga kwa mama wa shambani mwenye afya, awanyonyeshe kwa malipo. Zélie alifanya hivyo, na kila mara moyo wake ulibaki huko shambani.

Mtoto wao wa tano, Joseph, alizaliwa Septemba 1866. Alinyonyeshwa na mama mmoja mkulima aliyeitwa Rose Taillé, katika kijiji cha Semallé, kilomita zipatazo nane kutoka Alençon. Ulipofika mwaka mpya mtoto akaugua, na tarehe 14 Februari 1867 akafa. Desemba ya mwaka huo huo akazaliwa mvulana mwingine, naye wakampa jina Joseph. Baridi ile kifua kilimbana sana. Zélie alikuwa akiifuata barabara ya Semallé kwa miguu kwenda kumtazama, kisha anarudi mjini kwa sababu lesi zilikuwa zikisubiriwa na wateja. Mtoto huyo naye alifariki Agosti 1868. Siku chache baadaye, tarehe 3 Septemba, alifariki pia babu, baba yake Zélie, ambaye walikuwa wamemchukua wamtunze uzeeni.

Hayakuishia hapo. Tarehe 22 Februari 1870, siku ile ile binti wao wa kwanza Marie alipotimiza miaka 10, alikufa Hélène, mtoto mpole wa miaka mitano. Na Oktoba ya mwaka huo akafa mchanga mwingine, Mélanie-Thérèse, kwa kuwa mama aliyelipwa kumnyonyesha hapo mjini hakumtunza. Makaburi manne ya watoto katika miaka isiyotimia minne.

Ninajua kwamba miongoni mwenu mnaosoma wapo waliozika mtoto. Na mnajua jambo ambalo mara nyingi hatulisemi. Msiba wa mtoto unaweza kuwafanya mume na mke wawe kitu kimoja, tena unaweza kuwafanya wageni ndani ya nyumba moja. Mama analia, baba ananyamaza, kisha kila mmoja anamdhania mwenzake kuwa hana uchungu. Watu walimwambia Zélie kwamba ingalikuwa heri asingewazaa watoto hao. Yeye hakukubali hata kidogo. Aliamini kuwa watoto wake wako hai kwa Mungu, na kwamba atawaona tena. Tumaini hilo aliligawana na mume wake, kila asubuhi walipokwenda pamoja Misa ya alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, baridi iwe kali namna gani.

Mume aliyeuza duka lake

Hapa, akina baba, naomba msikilize vizuri. Louis alikuwa fundi stadi mwenye duka lake la saa na vito. Lakini biashara ya mke wake ilikuwa imekua na kuipita yake, nayo ilikuwa inammaliza Zélie. Wanawake walioshona nyumbani kwao walimletea kazi kila Alhamisi, na yeye ndiye aliyeunganisha vipande, akarekebisha makosa na kuwajibu wateja, huku watoto wakimlilia.

Louis alifanya nini? Mwaka 1870 alimwuzia mpwa wake duka la saa, akaingia katika biashara ya mke wake. Akawa ndiye anayeshika madaftari, anayesafiri mpaka Paris kutafuta soko, hata anayesaidia kuchora mifano ya lesi. Mwanamume wa karne ya 19, mwenye jina lake mjini, akaacha kazi ya mikono yake mwenyewe ili mzigo wa mke wake upungue! Wangapi kati yetu tungeweza? Mara ngapi baba anaona mke wake ameinama chini ya mzigo, naye anapita kando akisema hiyo ni kazi ya wanawake? Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiutazama kwa mbali unauona mwepesi. Louis aliusogelea, akaupima kwa mkono wake, akajua uzito wake.

Baridi iliyofuata ilikuwa ya vita. Ufaransa na Prussia zilikuwa zimeanza kupigana Julai 1870, na Januari 1871 majeshi ya Wajerumani yakaingia Alençon. Familia ya Martin ililazimishwa kuwapokea askari tisa nyumbani. Fikirini nyumba yenye watoto, miezi michache baada ya kuzika wawili, biashara imesimama, na askari tisa wa adui wanadai chakula na nafasi karibu na moto. Louis alisononeka sana. Zélie ndiye aliyesimama imara siku zile, akapika, akapanga, akaendesha nyumba. Katika ndoa nzuri nguvu huzunguka. Leo mmoja ni nguzo na mwingine anaegemea, kesho wanabadilishana. Hakuna aibu hapo.

Alfajiri ya Machi 1873

Tarehe 2 Januari 1873, karibu na usiku wa manane, alizaliwa mtoto wa tisa. Zélie alikuwa na miaka 41, Louis 49. Wakambatiza tarehe 4 Januari wakamwita Thérèse, na dada yake Marie akawa mama wa ubatizo. Mwanzoni mtoto alionekana mwenye nguvu. Muda si mrefu tumbo likaanza kumsumbua, akawa anakonda. Zélie alijaribu kumnyonyesha, akashindwa. Akamlisha kwa chupa, haikufaa. Usiku na mchana mama alikesha kando ya kitanda kidogo, akiziona tena dalili alizoziona kwa wale waliokufa.

Mwezi Machi daktari akasema wazi kuwa mtoto huyu hataishi asiponyonyeshwa. Zélie hakungoja. Kulipopambazuka alishika barabara ya Semallé peke yake, kwa miguu, kumtafuta Rose yule yule. Rose alikuwa na watoto wake, mmoja bado anamnyonyesha, na mume wake hakupenda aondoke. Mwishowe akakubali, nao wanawake wawili wakarudi haraka mjini. Rose alipomwona mtoto alitikisa kichwa, kana kwamba safari ilikuwa ya bure. Zélie akapanda ghorofani, akapiga magoti, akamwomba Mtakatifu Yosefu, akimkabidhi Mungu mtoto kama ni mapenzi yake kumchukua. Aliposhuka alimkuta mtoto ananyonya kwa nguvu. Akashiba, akalala kimya hata wakadhani amekufa. Baadaye akafumbua macho na kutabasamu.

Baada ya siku chache Rose alimchukua Thérèse kwenda kuishi naye shambani. Alikaa huko zaidi ya mwaka, kati ya ng'ombe na majani, akanenepa, jua likamchoma, na siku za soko Rose alimleta mjini mama yake amwone. Alirudi nyumbani tarehe 2 Aprili 1874. Kumbukeni basi kwamba yule anayeheshimiwa duniani kote kuwa msimamizi wa misioni aliokolewa na maziwa ya mama maskini wa shambani ambaye mume wake alikubali kumwazima. Kidole kimoja hakivunji chawa. Familia changa haivuki baridi peke yake. Inahitaji jirani, shangazi, nyanya, na jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo inayobisha hodi kabla haijaitwa.

Wala taabu haikuisha Thérèse alipopona. Mwezi Aprili Marie alirudi kutoka shule ya bweni ya masista huko Le Mans akiwa na homa ya matumbo. Zélie akamwuguza. Louis naye alifunga chakula akatembea kwa miguu mwendo mrefu kuhiji, kumwombea binti yake. Kila mmoja alifanya alichoweza, na Marie akapona.

Baridi ya mwisho

Kuna jambo lingine ambalo nataka akina mama mlisikie, na akina baba mlitilie maanani. Tangu mwaka 1865 Zélie alijua ana uvimbe katika titi. Alimwandikia mdogo wake Isidore, aliyesomea mambo ya dawa, na Louis alikuwa na wasiwasi. Lakini uvimbe haukumwuma sana, watoto walikuwa wadogo, kazi ilikuwa nyingi, na miaka ikapita. Ilikuwa Desemba 1876 alipokwenda kwa madaktari kwa maumivu. Wakamwambia ni saratani, na kwamba wakati wa kufanya upasuaji umekwisha kupita.

Alirudi nyumbani akawaambia mume wake na binti zake ukweli wote. Nyumba nzima ililia. Louis alikuwa kama mtu aliyepigwa rungu. Alizoea kwenda mtoni kuvua samaki, sasa akaziweka nyaya zake kando, hakutaka kutoka tena. Zélie aliendelea kushona lesi baridi ile nzima ili oda zikamilike. Februari 1877 akampoteza dada yake aliyekuwa mtawa Le Mans.

Katika miezi hiyo hiyo alipata ugunduzi mwingine wa uchungu. Binti yao wa tatu, Léonie, aliyekuwa na miaka 13, alikuwa mgumu sana kulea, shule zilimshinda, hasikii neno la mama. Marie ndiye aliyefichua sababu mojawapo: mtumishi wa nyumbani alikuwa akimtisha mtoto huyo kwa siri na kumtawala, hata hakuthubutu kumtii mama yake. Zélie alikuwa ndani ya nyumba ile ile kila siku, wala hakuwa amejua. Alipojua alimvuta Léonie karibu naye, na mtoto akaanza kufunguka. Wazazi, yaya wenu anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na wengi wao ni wema. Lakini mtoto anayebadilika ghafula ana neno ambalo bado hajaweza kulisema. Mtafutieni nafasi alisema.

Mwezi Juni Zélie alikwenda Lourdes na binti zake watatu wakubwa kuomba kupona. Hakupona. Alikufa tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na miaka 45. Thérèse alikuwa na miaka minne na nusu. Louis aliwachukua binti zake watano akahamia Lisieux, karibu na Isidore na mke wake, ili watoto wapate shangazi wa kuwaangalia. Aliwalea mpaka wakakua, akafariki mwaka 1894. Wote watano wakawa watawa, wanne Wakarmeli hapo Lisieux, na Léonie, yule mtoto mgumu, katika shirika la Visitasio huko Caen. Thérèse alitangazwa mtakatifu mwaka 1925. Zélie na Louis walitangazwa wenye heri mwaka 2008, na tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko akawatangaza watakatifu pamoja, mume na mke, siku moja. Kanisa linawakumbuka kila tarehe 12 Julai, siku ya harusi yao.

Tuondoke na nini?

Hawakuwa na maisha rahisi kuliko yenu. Walichokuwa nacho ni kwamba katika kila baridi walikuwa wawili, na Mungu kati yao. Basi usiku wa leo, watoto wakisha kulala, kaeni karibu na jiko kwa nusu saa bila redio wala simu, mfanye mambo matatu.

Kwanza, baba amwulize mama ni kazi gani katika nyumba inayomlemea kuliko zote, kisha aichukue mojawapo, hata kama majirani watacheka.

Pili, mama amwambie baba kama kuna maumivu au uvimbe anaouficha kwa sababu ya shughuli. Mkiupata, msingoje watoto wakue. Nendeni hospitali wiki hii, nanyi baba mfuatane naye.

Tatu, mtajeni kila mtoto kwa jina, pamoja na waliotangulia mbele ya haki, mkawaombee.

Watakatifu Louis na Zélie Martin, mtuombee.